Majibu ya kweri au kundi la objekti? Namna ya kuchagua kwa kila kazi

Ukishaanza kuandika programu kwa mtindo wa objekti kuna swali linakufuata kila ukigusa databesi: hii data niliyoiomba niiache kama ilivyokuja, mistari na kolamu zake, au niigeuze iwe kundi la objekti zenye methodi? Kuna watu watakwambia ukishaingia kwenye objekti basi kila kitu kiwe objekti hadi mwisho, na kuna wengine wanaona objekti ni mapambo tu, vuta kweri yako (swali unaloiandikia databesi), tupa kwenye skrini, maisha yaendelee. Mi naona wote wanakosea mahali pamoja, wanataka kuamua mara moja kwa programu nzima. Huamui hivyo. Unaamua kwa kila kazi, na kinachoamua ni kile unachotaka kuifanyia hiyo data ikishakufikia mkononi.

Twende na mfano mmoja tu mwanzo mwisho, mfumo wa maktaba. Kuna majedwali ya wanachama, vitabu na mikopo. Kila mkopo una tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha, na kolamu inaitwa kilirudishwa_lini ambayo inakaa tupu mpaka kitabu kirudi. Upande wa kodi kuna klasi Mkopo yenye methodi kama umechelewa, faini, ongeza_muda na rudisha.

Hivi vitu viwili vinatofautiana wapi

Majibu ya kweri ni jedwali dogo la muda. Yana kolamu ulizoomba na si zaidi, na kulingana na lugha yanakuja kama arei, kama dikshenari, au kama kitu unachokisoma mstari baada ya mstari. Hayajui chochote kuhusu maktaba. Ukiuliza huu mstari umechelewa ama la, haukujibu, labda uwe umeikokotoa hiyo ndani ya SQL yenyewe, lugha ya kuiulizia databesi. Ila uzuri wake ni kwamba umbo lake linafuata swali uliloliuliza: unaweza kuunganisha majedwali matano, ukajumlisha, ukapanga, ukapata kolamu ambayo haipo kwenye jedwali lolote, mfano idadi ya mikopo ya kila mwanachama kwa mwaka.

Kundi la objekti umbo lake linafuata klasi. Kila mstari umegeuzwa kuwa Mkopo kamili, unajua sheria zake, na ukiuambia rudisha unajibadilisha wenyewe na unakataa kama ulishafungwa. Sasa hapo ndo msuguano unapoanzia, maana swali linaweza kuwa na umbo lolote lakini klasi ina umbo lile lile siku zote. Na si ugomvi wa juzi, lugha ya Simula 67 ilikuwa tayari na klasi na objekti kabla Edgar Codd hajachapisha wazo lake la majedwali yanayohusiana mwaka 1970, kwa hiyo hizi fikra mbili zimekua zikiishi nyumba mbili tofauti na sisi ndo tunabeba ujumbe katikati.

Swali la kwanza: unasoma au unafanya?

Kabla hujaandika mstari wowote wa kodi jiulize mtumiaji anataka nini hapo. Kama anataka kuona tu, orodha, ripoti, kisanduku cha kutafuta, faili la kupakua, chati, basi vuta majibu ya kweri na uyapeleke moja kwa moja. Kama anataka kubadilisha kitu na kuna sheria inayosema lini inaruhusiwa, vuta objekti. Nane kati ya kumi ya maamuzi yako yataishia hapo, na nasema hivo kwa makadirio ya mdomo tu, usinishike na hesabu.

Chukua skrini ya mikopo iliyo wazi. Inaonyesha jina la kitabu, jina la mwanachama na tarehe ya kurudisha, mistari hamsini kwa ukurasa. Hakuna anayebonyeza chochote zaidi ya kuingia ndani ya mkopo mmoja. Kweri yake ni hii:

```
SELECT m.id, v.jina AS kitabu, w.jina AS mwanachama,
       m.tarehe_ya_kurudisha
FROM mikopo m
JOIN vitabu v ON v.id = m.kitabu_id
JOIN wanachama w ON w.id = m.mwanachama_id
WHERE m.kilirudishwa_lini IS NULL
ORDER BY m.tarehe_ya_kurudisha, m.id
LIMIT 50
```

Kolamu nne, safari moja kwenda databesi, imeisha. Ukitengeneza Mkopo hamsini, Kitabu hamsini na Mwanachama hamsini, pamoja na anwani zao na picha zao na maelezo ya kitabu ya kurasa mbili, ili tu usome majina, umeita fundi na sanduku lake zima la vifaa aje akusomee lebo.

Sasa mtumiaji ameingia kwenye mkopo mmoja na kubonyeza Rudisha. Hapa usiende na mstari mtupu. Ukienda na mstari utajikuta unaandika kwenye kontrola (kodi inayopokea ombi la mtumiaji): kama kilirudishwa_lini si tupu toa kosa, kama tarehe imepita kokotoa faini, kama mwanachama amefungiwa fanya hivi, alafu wiki mbili baadaye mwenzako anaandika kurudisha kwa njia ya skana na anasahau ile ya faini. Vuta objekti moja, iambie rudisha, isevu. Sheria zote zimekaa ndani ya klasi na kila mlango unapita humo humo. Na kama watu wawili wanaweza kubonyeza kwa pamoja, funga mstari kwa SELECT ... FOR UPDATE ndani ya transaksheni (mabadiliko yanayofanyika yote au hata moja) au weka kolamu ya toleo (namba inayopanda kila mstari ukibadilishwa), maana objekti yako ni nakala iliyopigwa sekunde kadhaa zilizopita, haioni kilichotokea kwenye databesi baada ya hapo.

Kundi la objekti linapokula seva bila wewe kuona

Hii nataka tukae nayo kidogo kwa sababu ndo inayowauma watu wengi, na haionekani kwenye kodi. Angalia hii lupu:

```
for mkopo in mikopo:
    andika(mkopo.kitabu.jina, mkopo.mwanachama.jina)
```

Safi kabisa, inasomeka vizuri. Lakini ORM nyingi (zana zinazogeuza mistari ya databesi kuwa objekti) hulodi kwa uvivu, yaani ukivuta mikopo hazivuti vitabu mpaka uguse mkopo.kitabu. Kwa hiyo mikopo hamsini inakuwa kweri 1 ya orodha, kweri 50 za vitabu na kweri 50 za wanachama, jumla 101. Kila moja ikichukua milisekunde 2 kwenda na kurudi ni kama 200 kwa ukurasa, na kwenye kompyuta yako hutaona kitu sababu databesi ipo hapo hapo na ina mistari kumi ya majaribio. Ikishapanda kwenye seva ya kweli yenye databesi kwenye mashine nyingine ndo unaanza kusikia watu wanalalamika programu imekuwa nzito.

Dawa ya kwanza watu wanayoikimbilia ni kuvuta mapema. Django ya Python ina select_related inayofanya JOIN na prefetch_related inayotuma kweri ya pili yenye IN, Laravel ya PHP ina with, Hibernate ya Java ina join fetch. Zinafanya kazi, tumia. Ila uelewe zina mipaka. Ukifanya JOIN kwenye makundi mawili kwa mpigo, mfano mwanachama mwenye mikopo 40 na malipo 10, databesi inarudisha mistari 400 sio 50, maana kila mkopo unakutanishwa na kila malipo, alafu ORM inakaa kuyachambua. Na ukichanganya join fetch ya kundi na kurasa kwenye Hibernate, inaweza kuvuta kila kitu ikakata kurasa kwenye memori ya programu, itakuandikia onyo kwenye logi ambalo hakuna anayelisoma.

Kwa hiyo kama unajikuta unapanga kuvuta mapema mahusiano manne kwa ajili ya skrini ya kusoma tu, simama. Hiyo kazi ilikuwa ya majibu ya kweri toka mwanzo, na ORM yako karibu hakika ina njia ya kuyatoa: values na values_list kwenye Django, DB::table kwenye Laravel. Entity Framework ya .NET ina AsNoTracking, ingawa hiyo bado inakupa objekti, ila inaacha kuzifuatilia kama zimebadilika, jambo ambalo kwa kusoma tu hulihitaji.

Sheria inapotakiwa pande zote mbili

Sasa tumefika penye ugumu wenyewe, na miongozo mingi inaishia kabla ya hapa. Umekubali orodha iwe majibu ya kweri. Kesho bosi anasema orodha ionyeshe alama nyekundu kwa mikopo iliyochelewa. Sheria ya kuchelewa ipo ndani ya klasi, methodi umechelewa. Mstari wako hauna methodi. Unafanyaje?

Watu wengi wanaandika tena kwenye SQL, tarehe_ya_kurudisha ndogo kuliko CURRENT_DATE na kilirudishwa_lini tupu. Inafanya kazi siku hiyo. Baadaye sheria inabadilika, wanafunzi wanapewa siku tatu za ziada, mtu anabadilisha klasi, orodha inabaki na sheria ya zamani, ripoti ya mwezi nayo ilikuwa na nakala yake ya tatu, na sasa mfumo mmoja unasema mkopo uleule umechelewa na haujachelewa kulingana na umeingilia mlango gani. Hiyo ni bagi mbaya sana, maana kila skrini ukiiangalia peke yake inaonekana iko sawa.

Kama unachotaka ni kuonyesha tu, yaani mistari imeshachaguliwa na unaongeza alama pembeni, itoe sheria nje ya klasi iwe fankisheni ndogo isiyojali data imetoka wapi:

```
def umechelewa(mwisho, kilirudishwa_lini, leo):
    return kilirudishwa_lini is None and mwisho < leo
```

Methodi ya Mkopo inaiita kwa data zake, na skrini ya orodha inaiita kwa kolamu za mstari. Sheria moja, wateja wawili. Angalia pia leo inaingia kama kigezo, haisomwi ndani. Fanya hivo hivo kwenye SQL, usiandike CURRENT_DATE, peleka tarehe kutoka kwenye programu, maana databesi inaweza kuwa na saa za eneo tofauti na programu, na usiku karibu na saa sita utapata majibu yanayopishana kwa siku nzima.

Kama unachotaka ni kuchuja, nionyeshe waliochelewa tu, hiyo fankisheni haikusaidii na usijaribu kuilazimisha. Ukivuta mistari 20 kwa LIMIT alafu ukachuja kwenye programu, ukurasa wa kwanza unatoka na mistari 13, wa pili 7, wa tatu hauna kitu kabisa halafu wa nne una 18, na namba ya jumla chini ya skrini ni ya uongo. Kuchuja na kupanga lazima kutokee kule kule kwenye databesi kabla ya kukata kurasa. Kwa hiyo hapo sheria iwe na nyumba upande wa SQL, lakini nyumba moja: vyuu (kweri iliyohifadhiwa kwa jina) ndani ya databesi, au kipande cha kweri chenye jina ambacho kila ripoti inakitumia badala ya kuandika WHERE yake yenyewe.

Njia ninayoipenda zaidi kwa sheria zinazobadilika badilika ni kuhifadhi matokeo. Mkopo ukitengenezwa au ukiongezwa muda, klasi inakokotoa mwisho_halisi, siku za ziada zikiwa zimeshaingia humo, na inaandika kwenye kolamu. Kuanzia hapo SQL na objekti zote zinalinganisha tarehe moja na leo, na kolamu hiyo unaweza kuiwekea indeksi. Gharama yake ni kwamba sheria ikibadilika mikopo ya zamani inabaki na tarehe za zamani mpaka uikokotoe upya. Mara nyingi hilo hata ndo unalolitaka, mtu aliyeazima chini ya sheria ya zamani amalize na sheria ya zamani, ila uwe umeamua, isitokee tu kwa bahati.

Na kama umelazimika kubaki na sheria sehemu mbili basi andika testi inayotengeneza mikopo ya kila aina, iliyorudi, haijarudi, inaisha leo, iliisha jana, ya mwanafunzi, alafu inauliza SQL na inauliza objekti na inagoma wakipishana. Ni testi fupi na inalinda mengi.

Usitengeneze objekti nusu

Kuna mtu ataona hapa njia ya mkato: basi nichukue ile kweri yangu ya kolamu nne niijaze kwenye klasi Mkopo, sehemu nyingine zibaki tupu, nipate methodi bila kuvuta kila kitu. Usifanye. Hii kwangu ni mbaya kuliko chaguo zote mbili, maana sasa una kitu kinachojiita Mkopo lakini hakijui tarehe ya kuazima, mtu anaita faini kinarudisha sifuri, sio kwa sababu hakuna faini ila kwa sababu kiwango hakikuvutwa. Au mbaya zaidi mtu anakisevu na zile sehemu tupu zinafuta data halisi. ORM zenye akili kidogo zinajilinda, mfano only ya Django ukigusa sehemu ambayo haikuvutwa inakwenda kuivuta, lakini inaivuta kwa kila objekti peke yake na umerudi kwenye zile kweri 101.

Ukitaka mstari wenye jina na aina zinazoeleweka tengeneza klasi nyingine ya kusoma tu, iite MstariWaMkopo, haina methodi ya kubadilisha chochote na haiwezi kusevu. Lugha za sasa zimerahisisha hii, Java ina record kuanzia toleo la 16, Python ina dataclass kuanzia 3.7 na unaweza kuifunga kwa frozen, PHP 8.2 ina klasi za readonly. Unapata faida ya kuandika mstari.mwanachama na editori ikakukamata ukikosea herufi, badala ya kuandika mstari["mwanachma"] ukagundua mbele ya mteja.

Kuna mbinu nyingine ya zamani kidogo, ya kuwa na objekti moja tu inayokaa juu ya majibu ya kweri na kusogea mstari kwa mstari, ukiita inayofuata inabadilisha data zake za ndani, methodi zinakokotoa kwa mstari uliopo. Ilipendwa kwenye lugha ambazo kutengeneza objekti elfu moja kulikuwa kunachosha mashine, na bado ina maana ukipitia mistari mingi sana. Ila ina mtego mmoja: mtu akiichukua ile objekti ndani ya lupu na kuiweka kwenye orodha yake, akimaliza ana orodha ya vitu hamsini vinavyoonyesha wote mkopo mmoja, wa mwisho. Ni objekti ile ile mara hamsini. Ukiitumia, ibaki ndani ya lupu na isitoke.

Vitu vidogo vya majibu ya kweri vinavyong'ata

Majibu ya kweri nayo yana tabia zake, nitapita haraka. SUM ya mistari ambayo haipo inarudisha NULL, hairudishi sifuri, kwa hiyo weka COALESCE iigeuze kuwa sifuri. LEFT JOIN inaweza kukuletea jina la mwanachama tupu, skrini yako iwe imejiandaa. PHP na MySQL wanakupa DECIMAL kama stringi, ukilinganisha kizembe unapata majibu ya ajabu. Majedwali mawili yakiwa na kolamu ya jina na ukasahau AS, kwenye dikshenari moja inaifuta nyingine kimya kimya. Objekti huwa zinakukinga na haya kwa sababu kuna sehemu moja tu inayobadilisha mstari kuwa objekti, na wewe ukichagua mistari umekubali kuyashughulikia mwenyewe.

Halafu suala la memori. Watu wanadhani wakitumia majibu ya kweri data inasomwa kidogo kidogo. Si lazima. Draiva (kiunganishi cha programu na databesi) ya JDBC ya PostgreSQL kwa kawaida inavuta majibu yote kwa mpigo mpaka uzime autocommit na uweke fetch size, na PDO ya MySQL nayo inayaweka yote kwenye memori usipoiambia vingine. Kwa hiyo ukiandika faili la mikopo milioni mbili angalia draiva yako inafanya nini kweli, usiamini lupu. Kwa objekti ndo kabisa, maana juu ya data yenyewe kila objekti ina mzigo wake na ORM kama Hibernate inashika nakala ya hali ya mwanzo ili ijue umebadilisha nini. Faili kubwa namna hiyo ni kazi ya mistari inayosomwa kwa mkondo, sioni cha kujadili hapo. Kumbuka tu ukisoma kwa mkondo koneksheni inabaki imeshikwa muda wote huo, usianze kupiga simu za mtandao katikati ya lupu.

Kubadilisha vingi kwa mpigo

Hapa kanuni ya kusoma na kufanya inapinda. Unataka kufunga akaunti za wanachama elfu kumi ambao hawajaingia muda mrefu. Kwa objekti ni kuvuta elfu kumi, kuziambia fungwa moja moja, kusevu moja moja. Kwa SQL ni UPDATE moja. Kasi haina mashindano, lakini UPDATE ya moja kwa moja haipiti kwenye klasi. Kwenye Django ukiita update juu ya kundi, save haiitwi na signali zake hazitumwi, Laravel nayo ukiapdeti kwa mpigo iventi za modeli kama saved na updated hazilii. Kama kufungwa kwa mwanachama kunatakiwa kutuma barua pepe au kuandika kumbukumbu ya nani alifanya nini, hayo hayatatokea.

Mi hufikiria hivi: kama badiliko ni la kolamu tu na hakuna sheria inayolitegemea, UPDATE. Kama kuna madhara ya pembeni, objekti kwa mafungu ya mia kadhaa kwa kila transaksheni, hata ikichukua dakika tano usiku hakuna anayeumia. Na kama lazima iwe UPDATE na kuna madhara, iweke ndani ya methodi moja yenye jina la kazi, funga_wasioingia, ambayo inafanya UPDATE na inaandika kumbukumbu hapo hapo.

Weka uamuzi nyuma ya mlango mmoja

Ukishaelewa haya, usiache SQL imetapakaa kwenye kontrola. Tengeneza sehemu moja kwa kila eneo, iite hazina ya mikopo au upendavyo, na ndani yake methodi ziwe za aina mbili ambazo majina yanajisema. tafuta na tafuta_kwa_kufunga zinarudisha Mkopo kamili. orodha_ya_wazi, ripoti_ya_mwezi, hesabu_kwa_mwanachama zinarudisha mistari ya kusoma. Anayeziita asibahatishe. Kitu kibaya ni methodi moja inayorudisha objekti ukipeleka kigezo hiki na mistari ukipeleka kile, hiyo inaonekana ujanja siku ya kwanza na baada ya hapo kila anayeitumia inabidi asome ndani.

Kuna swali watu huuliza, je skrini ya mkopo mmoja wa kuangalia tu, objekti au mstari? Kwa mmoja haijalishi sana, chukua objekti kama tayari unayo, maana hapo hapo mara nyingi kuna vitufe na unataka kuuliza mkopo kama unaweza kuongezwa muda ili kitufe kionekane au kisionekane. Gharama ya objekti moja ni ndogo mno kuijadili. Hesabu inabadilika kwenye mamia.

Kama mfumo upo tayari na umechanganyika

Usianze kuubomoa. Washa logi ya kweri, fungua skrini zinazotumika sana moja moja, hesabu ngapi zinatumwa. Skrini ya orodha yenye kweri zaidi ya kumi ndo ya kuanzia, na unabadilisha hiyo tu, ongeza methodi ya kusoma kwenye hazina, elekeza skrini huko, objekti ziache zilivyo kwa kazi nyingine. Upande wa pili tafuta kontrola zenye sheria, zile zenye if nne juu ya kolamu za mstari kabla ya UPDATE, hizo ndo zinazohitaji kurudi kuwa objekti, na anza na ile ambayo sheria yake imenakiliwa zaidi ya mara moja.

Ukimaliza skrini moja ilinde isirudi ilikotoka. Laravel ina preventLazyLoading, ukiiwasha wakati wa maendeleo, kulodi kwa uvivu kunarusha kosa badala ya kupita kimya. Django ina assertNumQueries kwenye testi, unaandika kwamba orodha ya mikopo inatakiwa itume kweri mbili, moja ya mistari na moja ya jumla, ukiipima methodi ya hazina peke yake bila zile za sesheni na kuingia, na uijaze databesi ya testi mikopo hata kumi, isiwe mmoja, maana kwa mmoja tu idadi inaongezeka kidogo na mtu anaweza kuipandisha namba kwenye testi akaendelea na safari.